Njia Yenye Watu

Jumanne, 2 Julai

Kidonge saa kumi na moja na nusu. Chai ya rangi, kiporo cha muhogo. Kituoni saa kumi na mbili. Siku ya saba kazini.

Gari halikujaa mapema. Kutoka hapa Mnazi Mmoja, kwa Mama Mdogo Hadija, hadi Lindi mjini si mbali, ila dereva haondoki na viti vitupu. Nimechelewa dakika kumi na mbili. Mzee Chitanda alikuwa mlangoni. Ndiye mwenye ofisi. Yeye anapima viwanja, mimi nachora ramani zake kwenye kompyuta. Akatazama saa yake, hakunitazama mimi. Akasema kazi inaanza saa moja na nusu, na miezi mitatu ya majaribio hupita haraka.

Hajui. Ofisini hakuna anayejua.

Natafuta chumba mjini. Karibu na ofisi. Pa kwenda kwa miguu.

Alhamisi, 4 Julai

Nijiandikie sababu, nisije nikajidanganya wakati wa kuchagua.

Nina kifafa tangu nina miaka kumi na sita. Sasa nina thelathini na tatu. Vidonge vinakituliza, havikimalizi. Kinakuja mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Daktari alinikataza pikipiki, ngazi ndefu, kuoga baharini, na kupika kwenye moto wa wazi nikiwa peke yangu. Gari hakulikataza. Gari najikataza mwenyewe, nikipata chumba.

Mwaka juzi nilianguka ndani ya basi nikitoka Somanga. Walinishusha Kiranjeranje, wakanilaza kando ya lami, basi likaendelea na safari. Nilizinduka na mkoba haupo. Ushungi nao haupo. Mama mmoja alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, ananitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

Kwa hiyo kila asubuhi kwenye gari la Mnazi Mmoja nakaa nimeshika chuma cha kiti cha mbele na kujisikiliza kichwa. Nikifika ofisini nimeshachoka.

Mume aliniacha baada ya kuniona nikianguka mara ya pili. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Jumamosi, 6 Julai

Dalali anaitwa Hashimu. Anatembea haraka huku anaongea na simu. Amenionesha vyumba vitatu.

Cha kwanza Mtanda, mlimani. Upepo mzuri, madirisha makubwa. Njia yenyewe ni mteremko na ngazi za mawe zilizolika. Nikianguka pale nitafika chini kabla ya mkoba. Hapana.

Cha pili nyuma ya maghala. Hatua mia sita na kumi na mbili hadi mlango wa ofisi. Nimehesabu kwenda na kurudi. Dakika saba. Njia ya mchanga, ukuta wa ghala upande mmoja, mtaro upande wa pili, halafu jengo ambalo mwenyewe ameliacha bila paa. Hatukukutana na mtu. Mwenye nyumba ni Bi Rukia, mjane, anaishi na wajukuu wawili. Uwanja umefagiliwa hadi unaona mistari ya ufagio. Aliuliza jina langu na kazi yangu, basi.

Cha tatu Rahaleo. Hatua elfu moja mia tisa na arobaini. Dakika ishirini na mbili. Maduka njia nzima: saluni ya kiume, fundi cherehani, duka la dawa, genge la nyanya, mama wa mihogo ya kukaanga. Kwa mwendo huo mmoja nimeulizwa mara tano natoka wapi. Mzee wa gengeni alitaka kujua mimi ni mtoto wa nani huko Kilwa, na nilipomwambia akataka kujua babu. Mwenye nyumba ni mwalimu wa shule ya msingi, Mwalimu Salma. Aliongea hadi Hashimu akakaa chini.

Nimechagua cha pili. Sikufikiri sana. Ni karibu, na hakuna macho.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Sikwenda kokote.

Nimemwambia Mama Mdogo nahama. Alikuwa anakuna nazi, akaacha.

"Na ukianguka nani atajua?"

"Ndiyo raha yake, Mama Mdogo. Hakuna atakayejua."

Aliendelea kukuna ile nazi hadi akafika kwenye kifuu, tui la leo lilikuwa na rangi ya udongo.

Yeye ndiye aliyenizungusha kwa waganga hadi Kipatimu, mimi nikiwa binti. Ndiye pia aliyenipeleka hospitali waganga waliposhindwa. Ana haki ya kununa.

Jumanne, 9 Julai

Nimehamia. Godoro, begi, ndoo mbili, jiko la gesi la mtungi mdogo. Bi Rukia amenipa kipande cha uzi wa kuanikia nguo. Watoto wamelala saa mbili. Kimya.

Ijumaa, 12 Julai

Siku tatu kwa miguu. Nimefika ofisini saa moja na dakika kumi na saba, na kumi na saba, na kumi na nane. Mzee Chitanda leo aliniambia, "Umejipanga, binti." Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Asubuhi naona ndege weupe juu ya ukuta wa ghala, basi. Mikono yangu huru, sijashika chuma. Nilikuwa nimesahau mtu anavyotembea akiwa hajisikilizi.

Jana nimemaliza ramani ya viwanja arobaini vya kijiji kimoja. Mzee Chitanda anasema mwezi ujao nitakwenda na wapimaji nje, nijifunze kuweka mawe ya mipaka. Hicho ndicho nilichokuja kutafuta. Kukaa kwenye kiti na kuchora vipimo vya wengine nimefanya miaka tisa Somanga, kwenye duka la kuchapa karatasi.

Jumamosi, 13 Julai

Vidonge vimeisha. Duka la dawa la sokoni hawana. Wameniambia Jumatatu.

Jumatatu, 15 Julai

Nimeanguka. Njiani. Kichwa kinauma. Nitaandika kesho.

Jumanne, 16 Julai

Naandika taratibu, ulimi umevimba.

Nilitoka saa moja na dakika kumi. Nilipofika katikati ya ukuta wa ghala nikasikia harufu ya nywele zinazoungua. Huwa inatangulia. Huwa napata muda wa kukaa chini. Sijui kama nilikaa.

Nilipoitazama simu ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano. Jua limeshapanda ukuta. Sisimizi kwenye kope. Sketi imelowa. Kichwa changu kilikuwa kimevuka ukingo wa mtaro, kinaning'inia. Chini yake maji ya kijani, makopo, kandambili moja ya mtoto. Nilipima kwa mkono: mabega yangu yalibakiza shibiri moja. Maji hayafiki magotini, ila mtu asiyejijua hahitaji maji mengi.

Kuna kitu kingine. Kazi yangu ni kusoma ardhi, nikaisoma. Kwenye mchanga kulikuwa na nyayo za viatu vya mtu mzima. Zilitoka upande wa jengo. Zikanikaribia hadi hatua nne hivi. Zikasimama, visigino vimezama. Halafu zikazunguka kwa mbali, zikipita zimebana ukutani, zikaendelea kuelekea mjini.

Alikuja, akaona, akapita.

Nilirudi, nikaoga, nikabadili nguo. Ofisini saa nne. Nikasema tumbo. Mzee Chitanda akasema angalau ningepiga simu. Akasema, "Mimi nahitaji mtu wa kumtegemea, Somoe." Nikasema ndiyo. Nikachora hadi jioni. Mistari miwili ilikuwa imepinda, nimeirudia.

Vidonge nimepata jana saa kumi. Kosa langu. Siku moja na nusu bila dawa, kosa langu peke yangu.

Zile nyayo si kosa langu.

Jumatano, 17 Julai

Nimepita tena. Hakuna njia nyingine. Miguu ilikataa pale kwenye ukuta, nikasimama kama dakika mbili. Halafu nikapita nikikimbia, mtu mzima na mkoba wangu.

Nimeamua kumwambia Bi Rukia. Si kila kitu. Ombi moja tu: asubuhi nikitoka nimpigie simu nikifika, na nisipopiga, atume mtu aangalie njiani. Ni kitu kidogo. Nimejizoeza maneno.

Alhamisi, 18 Julai

Nimemwambia jana jioni. Alikuwa anapeta mchele barazani. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Pole mwanangu. Mungu atakupa shifaa." Akasema hakuna shida, nipige simu.

Leo nilipotoka kazini nimekuta kikombe changu na sahani yangu, nilivyokuwa naviacha kwenye beseni lake la vyombo, vimewekwa mlangoni kwangu, juu ya gazeti. Vimeoshwa. Kamba yangu ya nguo imehamishwa nyuma ya choo.

Alibisha hodi baada ya magharibi, lakini hakuingia. Alisimama nje ya pazia.

"Mwanangu usinifikirie vibaya. Nina watoto wa watu humu ndani."

"Bi Rukia, hakiambukizi."

"Wanasema ni mate. Povu lile."

"Si kweli."

"Labda si kweli. Mimi sijasoma. Lakini likimpata mtoto nitamwambia nini mama yake?"

Akanirudishia kodi yangu yote, imefungwa kwenye leso. Kasema nikae hadi Jumapili, hanifukuzi. Ni mwanamke mwema anayeniogopa. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Sijalia. Nimekasirika, na hasira yenyewe haina pa kwenda.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekwenda Rahaleo peke yangu, bila dalali. Chumba bado kipo. Mwalimu Salma alikuwa anasahihisha madaftari kwenye meza ya chakula, miwani imeshuka puani. Ana miaka hamsini na kitu, watoto wake wote wako Dar. Alianza kuniuliza kwa nini nilikataa mara ya kwanza, halafu akaanza kujijibu mwenyewe.

Nilimkatiza. Nimeona bora nikataliwe nikiwa na begi mkononi kuliko nikiwa nimeshatandika.

Nikasema, "Mwalimu, nina kifafa. Naanguka. Ninakoishi wananitoa kwa sababu hiyo."

Akavuta daftari la mwanafunzi ambalo alikuwa hajamaliza kulisahihisha, akaligeuza nyuma, akashika kalamu nyekundu.

"Haya. Ukianguka nifanye nini?"

Miaka kumi na saba. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wameniuliza kimeanza lini, nani kanitupia, kama kipo kwenye ukoo, kama nitazaa. Nilisahau majibu. Ikabidi nifikiri.

Nilazeni ubavu. Kitu laini chini ya kichwa. Msinishike mikono. Msiniweke kijiko wala kitu chochote mdomoni. Msinimwagie maji. Muangalie saa. Ikizidi dakika tano, hospitali. Nikizinduka niambieni niko wapi.

Aliandika yote, akayapa namba, akanisomea. Kama imla. Kisha akasema kodi analipwa tarehe moja, na kuku wake wasifukuzwe.

Jumapili, 21 Julai

Nimehamia. Bi Rukia alinisindikiza hadi kwenye kona, amebeba ndoo yangu moja kichwani. Wajukuu walinipungia.

Jumanne, 23 Julai

Daktari amenipandishia dozi. Anasema mwili umevurugika, kinaweza kurudi mapema kabla haujatulia. Nisikose usingizi. Nisipite njia ya peke yangu.

Mwalimu anasema njia nzima iambiwe. Ananiambia huku anakaanga vitunguu, kama anazungumzia kuchota maji. Nimekataa. Mwalimu mmoja anatosha. Sikuja Lindi kuwa yule dada mwenye kifafa. Nilikuwa huyo Kiranjeranje. Nilikuwa huyo Somanga.

"Kwani sasa wewe ni nani kwao?" akaniuliza.

"Mpita njia."

"Basi wakikuona chini watapita njia na wao."

Nimekwenda kulala nimemkasirikia. Zile nyayo sikuwahi kumwambia.

Ijumaa, 26 Julai

Siku tano za hatua elfu moja mia tisa na arobaini. Sikuwa nimejua kusalimia kunachosha hivi. Shikamoo saba kabla ya saa moja na nusu. Fundi cherehani ananiuliza nimeamkaje, nikisema salama ananiuliza tena kwa njia nyingine.

Wakati wa chakula cha mchana nimechora ramani ya njia. Ya kwangu, si ya ofisi. Nimeweka alama: nani yuko wapi, saa ngapi. Saluni inafunguliwa saa moja kamili. Mama wa mihogo yuko tangu alfajiri, ila ana karai la mafuta ya moto, pale nitembee upande wa pili. Genge saa moja na nusu, limechelewa kwangu asubuhi, jioni lipo. Duka la dawa saa mbili. Kati ya saluni na kona ya ofisi kuna kipande kitupu, hatua mia mbili.

Nimeitazama. Ni ramani nzuri. Haifai kitu kama hao watu hawajui kwa nini wamo.

Jumamosi, 27 Julai

Nimewaambia wanne.

Mama wa mihogo alisema, "Yarabi," akachukua ndoo yake ya maji na kuisogeza mbali nami. Sijui kwa nini ndoo. Nimeelewa tu kwamba kwake hapana.

Fundi cherehani, Bakari, aliacha kukanyaga mashine. Akasema mdogo wake wa kike alikuwa nacho, alifia kisimani Nangurukuru. Akasema hivyo tu, akaendelea kushona. Nilipoondoka akaniita, akaniuliza jina langu kamili na namba ya mtu wa kumpigia. Akaandika kwa chaki ukutani, juu ya vitambaa.

Mzee wa gengeni alicheka, alidhani natania. Nikasubiri amalize. Alipomaliza aliona aibu, akanipa nyanya mbili.

Shomari wa saluni ana miaka kama ishirini na sita, ameweka wimbo mkubwa kuliko chumba. Akaupunguza. "Freshi dada, we nipe maelekezo tu." Nikampa. Akarudia yote huku ananyoa mteja. Moja alikosea, alisema kijiko mdomoni. Mteja ndiye aliyemsahihisha.

Nimerudi nyumbani, nimelala kwa saa tatu, mchana kweupe. Nimejisikia kama mtu aliyevua nguo sokoni.

Jumatano, 31 Julai

Jumatatu kawaida. Jumanne kawaida. Leo kawaida. Mama wa mihogo anageuza uso nikipita. Mwanamke nisiyemjua amenitazama kuanzia miguuni. Kwa hiyo habari imeshatembea.

Mzee Chitanda amenipangia safari ya kwanza ya nje, Jumatano ijayo. Kuweka mawe ya mipaka. Tutakwenda na pikipiki mbili. Nimesema sawa. Nimesema sawa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ijumaa, 2 Agosti

Jana asubuhi. Mbele ya saluni, kama mita kumi kuipita.

Naandika nilivyoambiwa, maana mimi nina mwanzo na mwisho tu. Mwanzo ni ile harufu. Mwisho ni taulo lenye harufu ya poda ya watoto chini ya shavu langu, na mwanamume amenyolewa nusu ya kichwa, kitambaa cha saluni bado shingoni, amesimama ananikinga jua kwa mwamvuli. Nilidhani ni ndoto. Halafu sauti ya Shomari:

"Dada Somoe, uko Rahaleo. Ni Alhamisi. Dakika tatu na nusu."

Alikuwa ameshika simu mbele ya uso wake kama mwamuzi wa mpira.

Fundi Bakari alikuwa amenifunika kitenge kipya, kile cha mteja, kuanzia kiunoni. Amewageuza watu waangalie upande mwingine. Mtu mmoja alitaka kuninusisha kiatu, eti kinazindua, Shomari akakitupa ng'ambo ya barabara, mwenye kiatu akakasirika, wakataka kupigana juu yangu. Mama wa mihogo hakusogea. Ila Bakari anasema ndiye aliyepiga kelele ya kwanza, aliponiona nimesimama ghafla.

Mkoba wangu ulikuwepo. Ushungi ulikuwepo, umenyooshwa.

Nililia. Hadharani, nimekaa kwenye mchanga, na kitenge cha mtu. Yule wa nusu kichwa akasema, "Pole dada, usijali, mimi nasubiri tu."

Bakari alipiga ile namba ya ukutani. Ilikuwa ya Mwalimu. Mwalimu alikuwa darasani, akapiga ofisini kwangu. Alimwambia Mzee Chitanda kila kitu. Mwalimu alidhani Mzee anajua. Sikuwahi kumwambia kwamba hajui.

Leo nimelala. Kesho na keshokutwa si siku za kazi. Jumatatu nitajua.

Jumatatu, 5 Agosti

Nilifika saa moja na dakika kumi. Nilikuwa nimeandika barua ya kuomba radhi, na nyingine ya kuacha kazi. Nimeziweka zote kwenye mkoba, nione ataanzaje.

Alinikalisha. Akavua miwani. Kwa muda mrefu alisugua vioo kwa pindo la shati.

"Ulikuwa unataka kupanda pikipiki Jumatano."

"Ndiyo."

"Na mimi nikiwa mbele yako, nakuongoza."

"Ndiyo, Mzee."

"Ningewaambia nini nyumbani kwenu?"

Nilisema nilitaka kuweka mawe. Nilisema miaka tisa nachora mahali ambapo sijakanyaga. Sauti yangu ilipanda, sikutegemea. Alisubiri ishuke.

Akasema nje sitakwenda. Si kwa pikipiki, si mwaka huu. Ikitokea kazi ya hapa mjini, ya kwenda kwa miguu, ataona. Tena hakupenda kudanganywa, na tumbo la siku ile analikumbuka. Miezi ya majaribio inaanza upya leo. Halafu akawaita vijana wawili wa ofisi, wakateremsha meza yangu kutoka ghorofani, wakaiweka chini, karibu na mlango, mahali pa kabati la mafaili. Kompyuta wakaisahau juu. Nimekaa saa nzima kwenye meza tupu.

Kwa hiyo: kazi ninayo. Ile niliyoitaka sina. Barua zote mbili nimezichana.

Sijui kama ni haki. Nafikiri ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo, na hilo haliniondolei uchungu.

Jumanne, 6 Agosti

Mama Mdogo amekuja na kuku, nazi, na maneno yake. Ameshinda jikoni na Mwalimu Salma, aliyeomba ruhusa shuleni. Wameongea saa sita mfululizo, hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Jioni amesema nyumba ni ndogo, kuku wanachafua, maji ya chumvi. Halafu amesema nikae.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Ofisi imefungwa. Watu wengi wamekwenda kwenye maonesho. Nimelala hadi saa mbili baada ya kidonge, jambo ambalo silifanyi. Nimeloweka nguo. Mwalimu alikuwa ametoka.

Saa mbili na nusu hodi. Shomari, mashine ya kunyolea bado mkononi. Akauliza mbona sijapita. Nikamwambia ni sikukuu. Akasema eh, kweli, akacheka, akarudi mbio kwa mteja wake.

Kidogo tena hodi. Fundi Bakari. Hakuingia. Alisema alikuwa anapita tu.

Nilikuwa nasuuza nguo ya mwisho nikasikia hodi ya tatu, ya sauti ya kike, ndogo. Nilipotoka hakuna mtu. Kwenye ngazi kulikuwa na mihogo minne ya kukaanga, ya moto, imefungwa kwenye gazeti. Mwanamke alikuwa ameshafika kwenye kona, anatembea haraka, hakugeuka.

Nimekula miwili. Miwili nimemwekea Mwalimu. Nguo zimekauka kabla ya adhuhuri.